Kushiba bukari na bado kuugua: historia ya pelagra

Mtu anaweza kula bukari asubuhi na jioni, tumbo likajaa, na mwili ukabaki na njaa. Ugonjwa unaoonyesha jambo hilo waziwazi unaitwa pelagra. Unaanzia kwenye ngozi inayopigwa na jua: mikono, miguu, shingo. Ngozi inakuwa nyeusi, inakauka, inapasuka, na mkono wa kuume unafanana na wa kushoto. Kisha kuhara. Kisha akili inavurugika, na jamaa wanaanza kusema amelogwa. Asipotibiwa, anakufa.

Mahindi yalitoka Amerika. Wenyeji wa Mexico tangu zamani huyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Wazungu walibeba mbegu, desturi ya chokaa wakaiacha kule kule. Mwaka 1735 muganga Gaspar Casal aliuona ugonjwa huu kwa wakulima maskini wa Asturias, Hispania. Mwaka 1771 Francesco Frapolli wa Milan aliuandika kwa jina ambalo wakulima wa Italia waliliita: pelagra, maana yake ngozi inayokwaruza.

Marekani ya kusini ndiko ulikoua sana. Kati ya mwaka 1906 na 1940 inakadiriwa watu milioni 3 waliugua na 100,000 walikufa. Wengi walikuwa vibarua wa pamba na wa viwanda vya nguo, chakula chao unga wa mahindi, asali ya miwa na mafuta ya nguruwe. Waganga wengi walisema ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 1914 serikali ilimtuma Joseph Goldberger, mtoto wa wahamiaji Wayahudi, akachunguze. Katika nyumba za yatima aliona watoto wanaugua lakini watumishi wanaowaosha na kuwalisha hawaugui. Tena walioumwa zaidi walikuwa wa umri wa katikati: wadogo walipewa maziwa, wakubwa wanaofanya kazi walipewa nyama. Akaomba maziwa, mayai, nyama na maharagi kwa wote huko Jackson, Mississippi. Pelagra ikaondoka.

Hawakumwamini. Mwaka 1915 wafungwa wa Mississippi walikubali kula mahindi, mchele, sukari na viazi vitamu bila nyama wala maziwa, kwa ahadi ya kuachiliwa. Baada ya miezi kama 5, wafungwa 6 kati ya 11 walikuwa na pelagra. Bado wakabisha. Mwaka 1916 Goldberger na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa, wakameza hata uchafu wa miili yao uliochanganywa na unga. Mkewe Mary naye alidungwa damu. Hakuna aliyeugua. Ubishi ule haukuwa wa elimu peke yake: kukubali kwamba sababu ni sahani kulimaanisha kukubali kwamba mishahara haitoshi. Mwaka 1921 Rais Harding alipotaja njaa na pelagra huko kusini, wanasiasa wa huko walikasirika wakasema wanaharibiwa jina.

Mwaka 1927 mto Mississippi ulifurika, mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Ng'ombe na bustani vikapotea, na pelagra ikaongezeka. Goldberger alikuwa amegundua kwamba hamira ya bia inaponya, na ni ya bei rahisi. Msalaba Mwekundu ukaigawa kwa waliohamishwa. Yeye alikufa mwaka 1929 bila kujua kitu chenyewe ni nini.

Kilipatikana vipande vipande. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Wisconsin alionyesha kwamba niasini, ambayo ni vitamini B3, inaponya mbwa wenye ugonjwa kama huo. Lakini swali moja lilibaki: maziwa yana niasini kidogo sana, mbona yanaponya? Mwaka 1945 Elvehjem na wenzake walijibu kwa majaribio ya panya. Maziwa yana triptofani, kipande kimoja cha protini, na mwili wenyewe unaigeuza kuwa niasini. Inahitajika miligramu kama 60 za triptofani kupata miligramu 1 ya niasini. Mahindi yana triptofani kidogo, na niasini yake imefungwa, utumbo hauwezi kuichukua. Chokaa ya Mexico ndiyo huifungua. Triptofani hiyo hiyo ndiyo mwili unatumia kutengeneza serotonini, inayohusika na usingizi na hali ya moyo.

Pamoja na ujuzi huo wote, mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliugua pelagra katika kambi za Malawi. Mgao wao ulikuwa mahindi, na karanga, chakula chao kikuu chenye niasini, zilikuwa zimekatika. Wanawake waliugua zaidi kuliko wanaume. Mwaka 1999 na 2000 ilikuwa zamu ya Kuito, Angola, mji uliojaa watu waliokimbia vita.

Kwa familia zilizohama hapa mashariki mwa Kongo, sehemu ya mgao inayohusika ni maharagi. Ndiyo mara nyingi huuzwa kwanza, ipatikane pesa ya sabuni au ya dawa ya mtoto, na unga hubaki peke yake. Karanga kidogo au ndagala ndani ya sombe hufanya kazi ile ile. Aliyekwisha kuugua hutibiwa kwa vidonge vya vitamini B3 kwenye kituo cha afya, na mdomo na tumbo huanza kutulia kwa siku chache. Ngozi huchukua majuma.