Gari la Spoti Hutengenezwa, Halinunuliwi

Tangu nipost ile video ya DX yangu ikinguruma pale nyuma ya nyumba, inboksi imejaa swali moja: "Bro, nitapata wapi Supra ama 240Z ya bei poa, nijitengenezee nyumbani niwe napeleka mbio?"

Jibu fupi: hautapata. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Maana yake Supra ya miaka ya 90, Silvia, Fairlady, zote zimefungiwa nje ya lango la bandari ya Mombasa. Zile chache zilizoingia zamani ziko na wenyewe, na wenyewe wanajua bei.

Jibu refu ni historia. Kaa kidogo nikupigie hiyo stori, kwa sababu kama ningeijua mwaka juzi, singekaribia kufa kwenye mteremko wa Kiboswa.

Tuanze 1953. Mwaka huo walianzisha mbio za magari kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndizo hizi tunaita Safari Rally. Barabara ilikuwa vumbi, na mvua ikinyesha, vumbi linageuka matope ya kumeza gari zima. Hakukuwa na uwanja wa lami. Mtu alipimwa kwa kufika kituo kwa wakati, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kama adhabu.

Wajapani walikuja 1963. Nissan walileta Bluebird, gari dogo ambalo huku kwetu watu walikuwa bado wanaliangalia kama mchezo. Mwaka huo magari 84 yalianza. Unajua mangapi yalimaliza? Saba. Bluebird haikuwa kati ya hayo saba, na Peugeot 404 ndiyo ilishinda.

Sasa hapa ndipo wengi wetu tungeuza gari tununue simu. Nissan walirudi mwaka uliofuata, na uliofuata. Kila mara barabara yetu iliwaonyesha kilicho dhaifu, nao walirudi nyumbani wakakitengeneza. Mwaka 1966 Bluebird ikashinda katika kundi la magari ya ukubwa wake. Hiyo habari iliwagusa Wajapani sana, hadi 1969 wakatoa filamu nzima ya sinema kuhusu Bluebird na Safari, ikiigizwa na Yujiro Ishihara, mmoja wa mastaa wakubwa kwao. Fikiria hilo: walitengeneza filamu kuhusu mbio zetu kabla hawajazishinda hata mara moja!

Mwaka wa pili yake, 1970, wakazishinda. Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi hapa Kenya, alimaliza wa kwanza na Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 akarudia, safari hii na 240Z, ile ile mnayoniulizia, injini ya lita 2.4 yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. Namba mbili pia ilikuwa 240Z, usukani ukiwa kwa Shekhar Mehta.

Huyo Mehta mshikeni jina. Alikuwa mzaliwa wa Uganda, akahamia Kenya wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia 1972. Mwaka 1973 aliingia Safari na 240Z, na mwisho wa mbio yeye na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa na Datsun nyingine, wakawa na adhabu sawasawa. Sare! Waamuzi wakaangalia ni nani alikuwa ameenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Akawa Mehta. Yaani alishinda kwa sababu alikaa muda mrefu zaidi bila kosa.

Na sasa ile sehemu inayonifanya niandike. Mehta alishinda Safari mara 5. Mara ngapi kati ya hizo alitumia gari la spoti? Moja. Zile nyingine nne, 1979, 1980, 1981 na 1982, mfululizo, alikuwa kwenye Datsun Violet, ambayo huku tuliijua kama 160J. Milango minne, buti, gari la mwalimu mkuu kwenda nalo kanisani Jumapili. Gari la familia lilifunguliwa, likaongezewa nguvu mahali panapovunjika, likawekwa bamba la chuma chini ya injini, likafungwa kizimba cha vyuma ndani, halafu likatoka hapo likiwa mnyama.

Kuna mwingine. Joginder Singh alizaliwa Kericho 1932, baba yake akiwa na gereji. Alianza kama kijana wa spana, kama tu wale unaowaona pale jua kali wakiwa wamelala chini ya Probox. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia Safari na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumiwa na timu ya kiwanda. Mtumba! Wakaitengeneza, wakashinda. Baadaye akashinda tena 1974 na 1976, mara zote mbili na Mitsubishi Lancer, gari lingine dogo la Kijapani. Mwaka huo wa 1976 Lancer zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Wasee wa Subaru msinune, nawaona. Mwaka 1993 Subaru walileta Vivio, kigari cha injini ya cc 660, ndogo kuliko ya pikipiki zingine. Mmoja wa madereva alikuwa Colin McRae, yule Mskoti ambaye posta yake iko kwenye kila gereji. McRae alienda kwa moto, gari likakatika njiani. Mwenzake Patrick Njiru, Mkenya, akaliendesha lake hadi mwisho, nafasi ya 12. Mwaka uliofuata, 1994, Subaru wakampa Impreza, akamaliza wa nne. Mshindi wa mwaka huo alikuwa Mkenya pia, Ian Duncan, na Toyota Celica.

Safari ilipokatwa kwenye kalenda ya dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 pale Naivasha, Toyota wakashinda kila mwaka hadi 2025. Kwa hivyo usiniambie hii nchi haina historia na magari ya Kijapani. Barabara zetu ndizo zilikuwa mwalimu wao.

Sasa nirudi kwangu, kwa aibu kidogo.

Ile DX ni ya khotsa wangu, mjomba. Corolla KE70, injini ya 4K ya 1300, magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma. Ilikuwa imelala chini ya mparachichi kule Lurambi miaka mingi. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mjomba akaniambia, "Ukiweza kuitoa hapo, ni yako." Wakati huo nilikuwa nimeshaacha chuo, mama haniongeleshi, na kila mtu mtaani alikuwa na maoni. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuwaonyesha.

Nikaanza vile internet ilinifundisha: injini. Nilitafuta injini ya 4A ya 1600, nikaipata kwenye Corolla iliyogongwa. Giaboksi ya kuoana nayo ilinichukua miezi mitano. Nikaweka ekzosi ya kupiga kelele. Nikabandika stika. Pesa zote za kushuti video za harusi za mwaka mzima ziliishia chini ya boneti. Breki? Niliangalia, nikaona pedi bado ziko, nikasema ziko sawa. Mafuta ya breki sikuyagusa. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi.

Siku ya kwanza ya kuipeleka Kisumu, nikatoka na kelele hadi Chavakali, Mbale, Majengo, watu wanapunga mikono. Pale Kiboswa barabara inaanza kushuka kuelekea Mamboleo. Nikashuka nikikanyaga breki, nikikanyaga breki, halafu pedeli ikaenda chini kabisa. Laini kama mandazi. Hakuna kitu.

Nilichofanya ni kupiga gia chini, tatu, mbili, na kuvuta breki ya mkono hadi ikanuka. Mbele kulikuwa na boda imebeba mama na mtoto. Niliwapita kwa upande wa nje, nikaingia ukingoni, gari likasimama ndani ya mahindi ya mtu. Hakuna aliyeumia. Nilikaa pale nikashindwa hata kufungua mlango, mikono ilikataa.

Baadaye ndio nikaelewa kilichotokea. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa pole pole. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 hivi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140. Mteremko mrefu unapasha breki moto, mafuta yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga hewa. Breki za KE70 ziliundiwa gari la 1300 linaloenda sokoni. Mimi nilikuwa nimeiongezea mwendo na nikaacha mafuta ya enzi za mjomba.

Fundi aliyekuja kunivuta ni mzee wa pale jua kali, amekuwa kazini tangu enzi za 160J. Alizunguka gari mara moja, akafungua kifuniko cha mafuta ya breki, akaangalia, akaangalia ekzosi, akacheka.

"Kijana, hii ulianza na injini?"

"Ndiyo, mzee."

"Sisi injini tulikuwa tunagusa mwisho."

Hakuongeza kitu. Lakini ukirudi juu usome hiyo historia yote, ni hayo maneno tu. Bluebird ya 1963 haikushindwa kwa kukosa mwendo, ilishindwa kumaliza. Violet ya Mehta haikuwa gari la kasi kuliko yote kwenye mstari. McRae alikuwa na kasi kuliko Njiru, na kasi yake ilimwacha njiani.

Kwa hivyo DX yangu nimeivua yote, na sasa naipanga kwa njia ya Safari. Kwanza breki: masta mpya, mipira mipya, mafuta ya DOT 4, na kila mwaka yanabadilishwa. Pili usukani na magurudumu: bushi, boli joint, shoki, bearing, na taya nne zinazofanana. Tatu bodi: kutu imekatwa, chuma kipya kimechomelewa, kiti kimeshikwa sawasawa na mkanda wa kweli. Nne kupoza: rejeta imezibuliwa, feni inafanya kazi. Injini ni namba tano. Na kizimba cha ndani kitafungwa na mtu anayejua, kwa sababu kizimba kibaya ni mkuki uliojiwekea kichwani.

Najua mtasema hiyo haina utamu wa video. Ni kweli, video ya kubadilisha mafuta ya breki ilipata watu wachache kuliko ile ya kelele. Sawa tu.

Jambo la mwisho, na hili naliambia kaunti pamoja na sisi wenyewe. Hapa kwetu tunajua mambo ya kulea mnyama wa mashindano. Nenda Shinyalu ama Ikolomani uone fahali wa kupigana. Halimi, habebi mzigo, analishwa nyumbani kwa miaka kwa ajili ya asubuhi moja. Lakini siku ikifika, isukuti zinapigwa na anapelekwa uwanjani. Wazee wapo, watu wamesimama kando, kila mtu anajua wapi pa kukaa. Hakuna mwenye akili anayemfungulia fahali sokoni.

Sisi wenye magari ndio tunawafungulia sokoni. Usiku barabara ya Kisumu inageuzwa uwanja, wakati watu wanatoka kazini na boda hazina taa. Mimi nilifanya hivyo mchana kweupe, na yule mama hatajua kamwe vile alikuwa karibu. Autokrosi ya Kenya hukimbizwa kwenye murram, na uwanja wake hauhitaji lami ya mabilioni. Unahitaji shamba tambarare, uzio, ambulensi, na watu wa shirikisho la mbio za magari waje wakague. Fahali wetu wana viwanja kila kona ya Isukha na Idakho. Magari hata moja, huku Magharibi yote, mbona iwe ngumu?

Hadi hapo, DX inakaa nyumbani. Mjomba alikuja Jumamosi, akakanyaga breki, akasema, "Hii sasa imekuwa gari." Mama naye alileta chai hadi pale gari liliko, akauliza kama kuku watarudishiwa kiti chao. Tulicheka.

Niambieni hapo chini: kwenu kuna gari gani limelala chini ya mti? Kama ni Datsun 120Y, nitumie picha leo, usingoje kesho. Na kabla hujaulizia turbo, fungua kile kikopo cha mafuta ya breki, uniambie ni rangi gani.