Mrithi wa Game Boy aliandaliwa mapema
Game Boy Advance, kifaa cha michezo ya video cha kushikwa mkononi, kilizinduliwa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 2001. Novemba 2004, kingali kikinunuliwa kwa wingi, kampuni hiyo ilitoa Nintendo DS yenye skrini mbili. Sony ilifuata kwa PSP mwezi mmoja baadaye. Aliyesubiri mauzo yapungue angekuwa amechelewa. Hata hivyo, Nintendo haikuiita DS mrithi, bali nguzo ya tatu kando ya Game Boy na GameCube. Ingeanguka, jina la Game Boy lingesalimika. Busara zaidi, DS ilipokea kaseti za Advance, hivyo wateja hawakupoteza michezo yao. Ziliuzwa DS zaidi ya milioni 150. Toleo la mwisho la Game Boy lilitoka mwaka 2005.