Gari la Nani?

Mjini leo ukitaja gari, hakuna atakayekuuliza la aina gani: ni la injini. Huku kwetu Kiwengwa mzee akisema gari linakuja kuchukua mawe, usikimbilie kusikiliza honi. Huenda linavutwa na ng'ombe.

Neno lenyewe limetoka Bara Hindi, ambako hutumika kwa chombo chochote cha magurudumu. Gurudumu tumelipata kwa Waajemi. Farasi ametoka kwa Waarabu, pamoja na hatamu na lijamu zake. Na mtunza farasi tukamwita saisi. Mkokoteni ndio wetu wenyewe: umetokana na kukokota, na mkokotaji ni mtu.

Ndani ya maneno hayo naona daraja za watu. Gari la farasi lilikuwa la Sultani na wakubwa wenziwe. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1840 Malkia Victoria wa Uingereza alimpelekea Seyyid Said gari la fahari, nalo likakosa kazi, kwani Unguja haikuwa na barabara za kulipitisha. Vichochoro vya Mji Mkongwe navyo ni vyembamba mno kwa gari na farasi wake. Isitoshe, kisiwani palikuwa na mbung'o, ambaye huwaambukiza farasi na ng'ombe maradhi ya nagana. Hakutokomezwa mpaka miaka ya 1990, kwa kuachia madume yaliyohasiwa kwa mionzi. Mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa imesafika.

Reli ya Bububu ilipoanza mwaka 1905, treni nayo ikaitwa gari, gari la moshi. Kisha ikaja motokaa, nayo ikalitwaa jina lote peke yake. Tangu hapo wenzake hawatajwi bila mkia: la farasi, la ng'ombe, la punda. Aliyetangulia nyumbani ndiye anayebisha hodi.

Basi, msomaji, tukiianza historia ya gari kwa farasi wa Sultani, tutakuwa tumeandika matembezi ya wachache. Mawe ya nyumba zetu, kuni za kuchomea chokaa, na nazi za kupeleka sokoni havikubebwa na farasi. Vilibebwa na ng'ombe, na vingine kwa vichwa na migongo ya watu. Wazee waliowaswaga ng'ombe hao wanapungua kila mwaka. Tuwaulize majina ya vyombo vyao na njia walizopita, maana hayo hayakuandikwa popote.