Mtihani wa Mhandisi na Tanuu la Chokaa

Ndugu wasikilizaji, Jumapili iliyopita nilikuwa kwetu Chwaka. Kijana wa dada yangu amekuja likizo kutoka Texas, Marekani, anakofanya kazi. Nilitaraji kumkuta pwani akitazama ngalawa zikirudi na samaki. La hasha! Nilimkuta barazani na kitabu kinene mapajani, anafanya maswali ya mazoezi ya mtihani wa leseni ya uhandisi wa kemikali. Mara ya kwanza alipoufanya alianguka. Safari hii amekula yamini kuyahifadhi maswali yote ya kitabu kile, pamoja na majibu yake, kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu.

Nikamwambia, "Hebu nisomee moja." Akasoma: tanuu limechoma kilo 1,000 za mawe safi ya chokaa mpaka yakaiva yote, je, itapatikana chokaa kilo ngapi?

Kabla hajashika kalamu, ikasikika sauti kutoka kwenye kitanda cha kamba. Alikuwa ami yangu, mzee aliyechoma chokaa katika ujana wake. "Nusu na kidogo," akasema.

Kijana akapiga hesabu yake. Ikatoka kilo 560. Katika kila kilo 100 za mawe yale, kilo 44 huruka angani zikiwa hewa ya kaboni dayoksaidi. Akamgeukia mzee: "Babu, umejuaje?"

"Nilibeba mawe kuyapeleka, nikabeba chokaa kuirudisha. Mgongo ndio uliopima."

Tukacheka sote. Lakini mzee hakuishia hapo. Aliuliza, "Na hicho kitabu chako kinasema nini juu ya kuizima chokaa?" Kijana akapekua, akalikuta swali la joto. "Jibu ni la tatu," akasema. Mzee akamwuliza kwa nini ni la tatu. Kijana akanyamaza.

Wasikilizaji wangu, mazungumzo yale ya barazani ndiyo yaliyonituma kuitafuta historia ya mtihani huu.

Uhandisi wa kemikali si fani kongwe. Mwaka 1887, huko Manchester, Uingereza, mtu aitwaye George Davis alitoa mihadhara ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo mwanzo wake. Davis alikuwa mkaguzi wa viwanda vya kemikali. Katika kuzunguka kwake aliona kwamba viwanda vinavyotengeneza vitu tofauti kabisa vinafanya kazi zile zile: kupasha moto, kukausha, kuchuja, kukeneka kwa mvuke. Mwaka uliofuata, 1888, chuo cha MIT mjini Boston kikaanzisha masomo ya fani hiyo. Ukikausha mwani Chwaka, au ukikeneka mafuta ya makonyo ya karafuu kule Pemba, kanuni ni hizo hizo: kilichoingia lazima kionekane kimetokea wapi, ama kimebaki wapi. Ndiyo hesabu ya mgongo wa ami yangu, ila imewekwa katika karatasi.

Leseni nayo ina historia yake. Sheria ya kwanza ya kuwasajili wahandisi Marekani ilipitishwa katika jimbo la Wyoming mwaka 1907. Ilionekana kwamba watu wasio na ujuzi walikuwa wakichora ramani za maji na kutia saini zao, na wananchi wakiumia. Majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine. Texas, jimbo lililojaa mafuta na gesi, lilichelewa. Kilichoiamsha Texas kilikuwa msiba.

Tarehe 18 Machi, 1937, katika mji mdogo wa New London uliozungukwa na visima vya mafuta, skuli kubwa iliripuka. Ili kupunguza gharama, skuli ilikuwa imejiunga na bomba la gesi ya mabaki, ile ambayo visima viliitoa pamoja na mafuta na ambayo haikuwa na soko. Gesi ikavuja, ikajikusanya chini ya sakafu. Gesi ile kwa asili yake haina rangi wala harufu, kwa hiyo hapana aliyejua. Alasiri, katika karakana ya skuli, mashine ya umeme ikatoa cheche. Walikufa karibu watu 300, wengi wao watoto.

Mwaka ule ule Texas ilipitisha sheria ya kuwasajili wahandisi. Ilipitisha pia sheria kwamba gesi itiwe kemikali yenye harufu mbaya, ili inapovuja watu waisikie. Utaratibu huo umeenea duniani. Bibi anayepika kwa mtungi wa gesi leo Michenzani au Mbagala, akinusa ile harufu ya kitu kilichooza na kukimbilia kufungua madirisha, anaokolewa na somo lililolipiwa na watoto wa New London.

Sasa turudi kwenye kitabu cha mpwa wangu. Ndani yake mna maswali ya gesi: chumba kina ukubwa kadhaa, gesi inavuja kwa kiasi kadhaa, je, hewa itakuwa ya hatari baada ya muda gani? Wahandisi wanajua kwamba gesi ya methani ikifika kiasi cha sehemu 5 hadi 15 katika kila 100 za hewa, cheche moja inatosha kuiripua. Ukilisoma juu juu, ni swali la tarakimu tu. Ukiijua habari ya New London, unaona ndani ya chumba kile madawati na watoto.

Tena kuhifadhi majibu hakusaidii kitu. Mtihani wa uhandisi wa kemikali wa Marekani una maswali 80, na tangu mwaka 2018 hufanywa kwa kompyuta. Kitabu cha kanuni mtahiniwa huwekewa pale pale kwenye kioo. Kama kanuni anapewa, anapimwa nini? Anapimwa kama anajua ipi itumike, wapi, na kwa nini.

Na sisi huku hatuko nyuma kwa sheria. Tanzania ilipata sheria ya usajili wa wahandisi mwaka 1968, na Kenya na Uganda mwaka 1969. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973. Sheria ya Tanzania iliandikwa upya mwaka 1997, na Zanzibar ina bodi yake na sheria yake. Kwetu kijana aliyemaliza chuo hufanya kazi miaka kadhaa chini ya wahandisi wazoefu kabla ya kupewa usajili kamili. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo inatumika Dar es Salaam, na mitungi ya gesi imeingia majikoni hadi vijijini. Saini ya mhandisi si jambo la Texas peke yake.

Watu husema ajali haina kinga. Mimi nilikuwa nikiusema msemo huo hata katika kipindi hiki. Ami yangu, wasikilizaji, jicho lake la kushoto halioni. Alipokuwa kijana alimwaga maji mengi kwa pupa juu ya chokaa iliyotoka tanuuni. Kilo moja ya chokaa ambayo haijazimwa hutoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya kilo tatu za maji. Ilichemka, ikamrukia usoni. Hapana aliyekuwa amemweleza. Lile "jibu la tatu" la mpwa wangu ndilo jicho la mzee wetu.

Sisi watangazaji tukikosea jina la mtu leo, wiki ijayo tunaomba radhi na maisha yanaendelea. Mhandisi aliyekosea hesabu ya gesi hana wiki ijayo ya kuombea radhi.

Jioni, nilipokuwa nikiondoka kurudi mjini, nilimwona kijana amehamisha mkeka wake karibu na kitanda cha kamba. Kurasa za majibu alikuwa amezibana kwa kibanio. Alikuwa akisoma swali kwa sauti, na mzee akimkatiza kila mstari: "Kwa nini?"

Mpaka wiki ijayo, kwaherini.