Kanjogera: malkia, mama na mama wa kambo

Poleni kwa ukimya, bumu liliisha na vocha nazo zikaisha. Nimerudi kampasi kutoka BTP kule Biharamulo, nikapitia nyumbani Ngara kusalimia. Leo nawaletea historia kidogo, maana kuna swali niliulizwa darasani, mpaka leo linanisumbua.

Nilikuwa nawasimulia kidato cha 2 habari za falme za majirani zetu, nikafika kwa Kanjogera wa Rwanda. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Madamu, kwani mama wa kambo wote wako hivyo?" Darasa zima kicheko. Mimi sikucheka. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la 2, na aliyenilea mpaka nikafika chuo ni mke mwingine wa baba.

Haya, kisa chenyewe. Kanjogera alikuwa mke wa mfalme Kigeli wa 4 Rwabugiri. Kwa mila zao mfalme alitawala pamoja na mama yake, na mama naye alipewa jina la kifalme. Mwaka 1889 Rwabugiri akamtangaza mwanawe Rutarindwa kuwa mrithi. Tatizo, mama wa Rutarindwa alishafariki, ikabidi atafutwe wa kushika nafasi hiyo. Rwabugiri akamchagua Kanjogera. Sasa wadau, Kanjogera alikuwa na mtoto wake wa kumzaa, Musinga! Na nyuma yake kulikuwa na ndugu zake wa kiume wa ukoo wa Bega, Kabare na Ruhinankiko, watu wenye nguvu hasa.

Rwabugiri akafa 1895. Mwaka 1896 pakapigwa vita Rucunshu. Upande wa Rutarindwa ukashindwa, akafia humo na mkewe na watoto, nyumba ikiwaka moto. Musinga, kijana wa miaka kama 13, akawa Yuhi wa 5, na Kanjogera akaitwa Nyirayuhi. Sisi Wahangaza jina hilo halihitaji tafsiri: mama yake Yuhi.

Waliotawala ni mama na wajomba. Kapteni Ramsay wa Wajerumani alipofika 1897, aliwekewa mtu mwingine ajifanye mfalme! Baadaye Wajerumani hao hao (waliojenga lile boma la Biharamulo) wakawa ndio nguzo yao. Hata ndugu nao hawakudumu, Kabare alikuja kumsukuma Ruhinankiko pembeni. Wabelgiji walipomwondoa Musinga madarakani Novemba 1931, mama akaondoka naye kwenda Kamembe, na akafa huko 1933.

Simtetei. Watoto wa Rutarindwa hawakuwa na kosa. Ila Rwabugiri alimpa mwanamke kiti ambacho angekipoteza siku mwanawe akikosa ufalme, halafu akamwachia wajomba wenye uchu. Kabare ndiye aliyeongoza mapigano, lakini kwetu mipakani jina linalotajwa kwa hofu ni la Kanjogera. Kwa nini?

Yule binti nilimjibu hivi: waliogombana pale ni koo mbili zilizotaka ngoma moja, ukambo ulikuwa mlango tu wa kuingilia. Sijui kama alinielewa. Jioni nilimpigia mama, sikumwambia kitu, nikamuuliza tu migomba inaendeleaje.

Nawasilisha. Karibuni mnikosoe, hasa watu wa History!