Weusi wa chai ya Pu-erh: Rangi, kemia na afya ya mnywaji

MTU anayemiminiwa chai ya Pu-erh kwa mara ya kwanza huenda akadhani amepewa kahawa. Kinywaji hicho ni cheusi tititi na hunukia udongo uliolowa mvua. Weusi huo hautokani na kuunguzwa kwa majani wala kutiwa rangi, bali ni kazi ya kuvu na vijiumbe vingine visivyoonekana kwa macho.

Chai hii ni zao la mkoa wa Yunnan, kusini magharibi mwa Uchina. Wachina huiweka katika kundi la hei cha, yaani chai nyeusi. Ile ambayo sisi huiita chai ya rangi au strungi, wao huiita hong cha, chai nyekundu. Mmea ni ule ule mmoja, Camellia sinensis. Tofauti huanza jani likishachumwa.

Rangi tatu

Jani bichi la chai lina wingi wa katekini, kemikali za jamii ya polifenoli ambazo hazina rangi. Katika viwanda vya Kericho au Limuru, jani husagwa ili kimeng'enya kilichomo ndani yake kikutane na katekini pamoja na oksijeni ya hewani. Hapo huzaliwa theaflavini, yenye rangi ya chungwa, ambayo huipa chai mng'ao na ukali unaopendwa na wanunuzi kwenye mnada wa Mombasa. Huzaliwa pia thearubijini, yenye wekundu wa hudhurungi, ambayo huipa chai uzito mdomoni.

Wenye viwanda huita hatua hiyo kuchachusha, ingawa kwa hakika vijiumbe havina sehemu kubwa humo. Uchachushaji wa kweli ndio unaofanyika Yunnan.

Huko, majani hukaangwa kidogo ili kupunguza nguvu ya kimeng'enya, kisha huanikwa juani. Baadaye hurundikwa, hunyunyiziwa maji na kufunikwa. Kuvu aina ya Aspergillus niger na wenzake huyashambulia, na joto ndani ya rundo laweza kupita nyuzi 50. Wafanyakazi huyageuza mara kwa mara kwa muda wa majuma kadhaa. Mbinu hiyo ilibuniwa mjini Kunming mwaka wa 1973, ili kufupisha ukomavu ambao awali ulihitaji miaka mingi ghalani.

Katika rundo hilo, theaflavini na thearubijini huungana zaidi na kuwa theabraunini, rangi ya tatu. Hii si kemikali moja. Ni kundi la molekuli kubwa ambamo polifenoli zimeshikana na sukari na protini. Huyeyuka katika maji, na katika Pu-erh iliyoiva huweza kufikia asilimia 10 au zaidi ya uzito wa majani makavu.

Nyongo na mafuta

Mwaka wa 2019, watafiti wa Uchina walichapisha katika jarida la Nature Communications matokeo ya uchunguzi wao kuhusu theabraunini. Panya waliopewa kemikali hiyo walipungukiwa na kolesteroli, na dalili kama hizo zilionekana kwa kikundi kidogo cha watu waliojitolea.

Maelezo yao ni haya: theabraunini hupunguza bakteria wa utumbo wanaovunjavunja chumvi za nyongo. Chumvi hizo zinapobaki nzima, ini hupokea ishara ya kutengeneza nyongo zaidi. Kwa kuwa malighafi ya nyongo ni kolesteroli, akiba yake hupungua.

Tahadhari

Hata hivyo, panya si binadamu, na kikundi kidogo hakitoshi kuthibitisha dawa. Mgonjwa aliyeandikiwa tembe za kupunguza kolesteroli asiziache kwa sababu ya chai, hata muuzaji akimwapia vipi.

Chai hii bado ina kafeini, inayoweza kumnyima mtu usingizi. Polifenoli zake huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yatokanayo na mboga na nafaka. Kwa hivyo wajawazito na wenye upungufu wa damu wanashauriwa wasiinywe pamoja na chakula. Chai za matofali zinazotengenezwa kwa majani makuukuu huwa na floraidi nyingi, na zimehusishwa na maradhi ya mifupa miongoni mwa wanywaji wa Tibet.

Aidha, kuvu wanaosimamiwa na mtaalamu si sawa na ukungu wa kabatini. Majani chai yaliyoota ukungu nyumbani kwa unyevu hayajageuka Pu-erh, yanafaa kutupwa. Na chai yoyote, nyeusi au nyekundu, iachwe ipoe kidogo: mwaka wa 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilieleza kuwa vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio.