Lango Lijifungualo na Fundi Wake

Katika lugha yetu ya Kiswahili, mtu alindaye mlango huitwa bawabu, na kile chuma kiushikacho mlango kwenye mwimo wake kikauachilia kwenda na kurudi huitwa bawaba. Na majina hayo mawili, yaliyotoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya mlango, yamekaa jirani mno hata mgeni wa lugha huyachanganya. Nami naona ujirani huo una haki yake, kwa kuwa habari yote ya malango yajifunguayo, tangu yale ya mahekalu ya kale hata haya ya umeme yasimamayo leo kwenye njia za mashamba ya Marekani, ni habari ya watu waliotaka bawaba ifanye kazi ya bawabu, na ya watu wengine, ambao aghalabu majina yao hayakuandikwa popote, walioitwa kila mara bawaba ilipokataa.

Mtu wa kale ajulikanaye sana kwa kulieleza jambo hili ni Heron wa Alexandria, mhandisi aliyeishi katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa. Yeye alieleza hekalu ambalo moto ukikokwa juu ya madhabahu, hewa iliyofungiwa chini hupata joto ikatanuka, ikayasukuma maji kutoka katika tufe hata yakamiminikia ndooni, na ile ndoo ikiisha kuwa nzito hushuka ikazivuta kamba zilizozungushwa kwenye mihimili ya milango, milango ikafunguka mbele ya watu waliopigwa na bumbuazi. Na moto ukizimika, maji hurudi yalikotoka, na uzito uliotungikwa upande wa pili ukaifunga milango tena. Baada yake wakaja wana watatu wa Musa, waliotunga kitabu chao cha hila za mitambo mjini Baghdad katika karne ya 9, kisha al-Jazari, aliyekimaliza kitabu chake mwaka 1206 katika mji wa Amid, ambao siku hizi ni Diyarbakır, akaonyesha humo saa ya maji yenye vijilango vilivyojifungua kila ipitapo saa. Hao walikuwa mabingwa wa kweli, walakini hila zao zilikaa katika mahekalu na majumba ya wafalme, walimokuwamo watumwa na watumishi wa kutosha kuufungua mlango wowote. Mkulima aliyerudi na ng'ombe wake jioni hakufaidika nazo hata chembe, maana yeye lango lake alilifungua kwa mkono, au akamtuma mtoto.

Haja ya kweli ya lango la shamba lijifungualo ilikua mbali na huko, katika mbuga za Marekani, na mzazi wake ni seng'enge. Tarehe 24 Novemba 1874 Joseph Glidden, mkulima wa DeKalb katika jimbo la Illinois, alipewa hati ya serikali ya kuimiliki namna yake ya waya wa miiba, na kabla ya kutimia miaka 10 nchi iliyokuwa wazi, ambayo wachunga wa Texas walikuwa wakiipita na makundi ya ng'ombe wakifuata majani na maji pasipo kumwomba mtu idhini, ilikuwa imekatwakatwa vipande. Wenye mali waliizungushia ua ardhi yao, na wako walioizungushia hata isiyo yao. Nyua zikapita juu ya njia za watu wote, zikawatenga watu na shule zao na makanisa yao, zikaizuia posta isiwafikie wenye barua, na wafugaji wadogo wakajikuta wanayatazama kwa ng'ambo ya miiba maji waliyokuwa wakinyweshea siku zote.

Ulipoingia ukame wa mwaka 1883, subira iliwaishia. Makundi ya watu, mojawapo likijiita Bundi, yalitoka usiku na koleo mikononi, wakazikata nyaya baina ya kila nguzo na mwenziwe, hata hasara ikakadiriwa na baadhi ya watu wa wakati ule kufikia dola milioni 20, na damu pia ikamwagika. Gavana wa Texas, John Ireland, aliliita baraza la kutunga sheria kwa kikao maalumu kilichoanza Januari 1884, na katika kikao hicho kukata ua kulifanywa jinai ya kifungo cha mwaka 1 hadi 5, na mtu aliyezungushia kwa makusudi ardhi isiyo yake aliamriwa auondoe ua wake ndani ya miezi 6. Hayo ndiyo yakumbukwayo na wengi. Mimi napenda kusimama kwenye amri nyingine ya sheria zile, ambayo wasimulizi hupita juu yake kwa haraka: kwamba kila mfugaji aliyeupitisha ua juu ya njia ya watu wote analazimika kuweka lango kila baada ya maili 3, na kulitunza lango hilo lisiharibike. Amri hiyo haikutosheka na kujengwa kwa lango. Waliokuwa wameishi baina ya nyua walikwisha kuonja kwamba lango lisilofunguka ni sehemu ya ua, na lango lisilofungika ni tundu la ng'ombe kupotelea, na kwamba haki ya mpita njia imening'inia kwenye bawaba. Kwa hiyo matengenezo, ambayo mahali pengi huachiwa hiari ya mwenye mali, yalifanywa faradhi ya kisheria juu ya nchi iliyo pana kuliko Ufaransa.

Malango basi yakawa mengi, na taabu yake ikawa ya kila siku. Mwenye gari la farasi aliyesafiri peke yake, afikapo langoni, ilimpasa kushuka, kulifungua lango, kumpitisha farasi, kumzuia asiende zake na gari, kurudi kufunga, kisha kupanda tena. Na njia yenye malango manne ilimdai hayo mara nne katika kwenda na mara nne katika kurudi, iwe jua, iwe matope, iwe theluji. Ndiyo maana katika nchi za wafugaji ilithibiti ada, ambayo ingaliko, kwamba watu wakiwa wawili abiria ndiye ashukaye. Na ada nyingine iliyo tukufu zaidi, kwamba lango liachwe vile lilivyokutwa, la wazi libaki wazi na lililofungwa lifungwe, kwa kuwa mgeni hajui mwenye ng'ombe alikusudia nini.

Wabunifu wa karne ile ya 19 waliingia kazini kwa bidii, na ofisi ya hati za uvumbuzi mjini Washington ilipokea michoro mingi ya malango ya kufunguliwa na mpita njia bila ya kushuka. Wengine walitega vyuma njiani, kimoja upande huu wa lango na kingine upande wa pili, gurudumu likikanyaga cha kwanza nguvu yake ikapita katika fimbo hata kwenye lango likafunguka, na likikanyaga cha pili lango likafungika. Na wengine walitungika kamba kwenye mti mrefu ulioegemea njiani, ili mwenye gari aivute angali ameketi. Katika mingi ya mitambo hiyo siri ilikuwa moja, nami namwomba msomaji aishike kwa kuwa tutairudia: bawaba moja iliinuliwa au kusogezwa kando kidogo, lango likapoteza usawa wake, na lango lililopoteza usawa hutembea lenyewe kwa uzito wake, likitafuta mahali pa chini pa kutulia. Wabunifu hao waliuchukua ugonjwa wa siku zote wa malango, yaani kwenda upande, wakautia lijamu, wakaupanda kama farasi.

Lakini farasi huyo alikuwa mgumu. Tope lilivijaza vile vyuma vya njiani, barafu ikazigandisha fimbo, kamba zikaoza, nguzo zikainama inchi moja tu na lango likafunguka usiku wa manane pasipo kuguswa na mtu. Na mhunzi wa jirani, ambaye hakuuchora mtambo ule wala hakupata faida ya hati yake, ndiye aliyeitwa auelewe na kuurudisha kazini. Hata zilipokuja motokaa, wafugaji wa Texas walipenda hila iliyo nyepesi kuliko zote: lango lililotungikwa kwenye nguzo kwa nyaya au minyororo, ambalo dereva hulisukuma taratibu kwa bampa ya gari, likazunguka huku likipanda kidogo, naye akapita upesi kabla uzito wake haujalirudisha likampiga ubavuni. Wengine walichoka na malango kabisa, wakachimba shimo katika njia wakalaza juu yake vyuma vyenye nafasi baina yake, ambavyo gari huvipita na ng'ombe huviogopa.

Umeme ulichelewa. Katikati ya miaka ya 1930, wakati nyumba za mijini karibu zote zilikuwa na taa, nyumba moja tu katika kumi za mashamba ya Marekani ndiyo iliyokuwa nazo, na kampuni za umeme ziliona hakuna faida kupeleka waya maili nyingi kwa ajili ya familia chache. Hata Rais Franklin Roosevelt alipounda idara ya kupeleka umeme mashambani tarehe 11 Mei 1935, na sheria yake ikafuata mwaka 1936, vyama vya ushirika vya wakulima wenyewe vikaanza kusimamisha nguzo. Mota ya kuvuta mlango ilikuwako mijini tangu miaka ya 1920, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaenea rimoti za redio. Kwa mwenye shamba, hata hivyo, ilibaki shida ya umbali, kwa kuwa lango husimama barabarani na nyumba iko nusu maili ndani, na kuchimba mtaro wa waya wa urefu huo kulimgharimu kuliko lango na mota kwa pamoja. Shida hiyo iliondolewa na kipande cha silikoni, ambacho maabara ya Bell yalionyesha mwaka 1954 kwamba chaweza kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme wa kufaa. Na bei yake iliposhuka katika miongo iliyofuata, lango la mbali likapata paneli yake ndogo juu ya nguzo, na betri yake ya volti 12 katika kisanduku, likawa halina haja ya nyumba.

Hapo bawabu alistaafu, na kazi yake yote ikamwangukia fundi.

Maradhi ayakutayo fundi wa leo ni ya namna mbili, mapya na ya kale. Katika hayo mapya la ajabu kwangu ni lile la sisimizi wekundu, waliotoka Amerika ya Kusini wakashuka katika bandari ya Mobile, Alabama, katika miaka ya 1930, wakaenea hata Texas: wadudu hao huvutwa na vifaa vya umeme, na mmoja wao apigwapo na umeme hutoa harufu inayowaita wenziwe, nao wakaja kwa wingi wakafa papo hapo, hata mizoga yao ikaziziba swichi zisigusane. Huku kwetu pwani mjusi kafiri hufanya hasara iliyo kama hiyo, akajipenyeza katika kisanduku cha mota ya geti kutafuta joto akaiunguza sakiti. Kuna radi pia, na betri zilizozeeka, na buibui autandaye utando wake mbele ya jicho la mwanga, lango likadhani kuna mtu amesimama njiani.

Lakini maradhi ya kale ndiyo makubwa, na ndiyo yanayosahauliwa. Lango refu ni mtaimbo: kadiri linavyokwenda mbali na nguzo yake ndivyo linavyoing'oa bawaba ya juu kwa nguvu zaidi, na udongo mweusi wa mfinyanzi wa Texas, ambao huvimba kwa mvua na kupasuka kwa ukame, huitikisa nguzo mwaka hata mwaka. Nguzo ikiinama, lango hushuka upande mmoja, na ule mkono wa mota, uliotengenezwa kulisukuma lango lenye usawa, hulazimika kulipandisha kama mtu apandishaye mkokoteni mlimani. Mota yenye kipimo cha usalama huhesabu uzito huo kuwa ni kizuizi, ikasimama na kurudi nyuma kana kwamba imemgusa mtoto. Mwenye nyumba huona lango lake limeingiwa na wazimu, akanunua sakiti mpya, kisha mota mpya, na yule amwuziaye vitu hivyo pasipo kuitazama bawaba namhesabu kuwa amemdhulumu, hata kama hakukusudia.

Fundi aliyefundishwa na miaka hafungui kisanduku kwanza. Huuchomoa mkono wa mota, akalisukuma lango kwa kiganja hata nusu ya njia yake, akaliachilia, akarudi nyuma hatua mbili. Likitulia pale alipoliacha, ndipo atafutapo kosa katika waya na betri. Likianza kutembea lenyewe, kama yale malango ya kamba ya karne ya 19 yalivyotembea, hutoa timazi na spana, na kazi ya siku hiyo huanzia kwenye bawaba.